Kifungio Rahisi na Gharama Yake: Somo Tulilolipata Nje ya Darasa

Ndugu walimu watarajiwa, huenda mkastaajabu kuona katika kurasa hizi, ambazo aghalabu huzungumzia maandalio ya somo, zana za kufundishia na upimaji wa wanafunzi, makala yanayohusu bolti, skrubu na ribiti. Hatukusudii kuwafanya mafundi wa magari. Tunakusudia kueleza jinsi tulivyochagua vifungio vya bodi ya gari la chuo, jinsi tulivyokosea, na jinsi kosa hilo lilivyotufunza jambo ambalo hatukulipata tulipokuwa tukisomea stashahada ya elimu.

Isitoshe, mwalimu wa shule ya msingi ni mnunuzi wa kila siku. Ndiye atakayetumwa dukani kununua misumari ya madawati, bawaba za mlango wa stoo, komeo la kabati la vitabu na kamba ya bendera. Fedha atakazopewa zitakuwa chache, na mbele yake vitawekwa vitu viwili vinavyofanana: kimoja cha bei ya chini, kingine cha bei ya juu. Yafaa ajue namna ya kuchagua, na yafaa ajue namna ya kuwafundisha watoto kuchagua.

Gari na bodi yake

Mwaka 2017 tulikuwa tukifundisha kazi za ufundi na hisabati katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Tanga. Chuo kilikuwa na pikapu kuukuu ambayo nyuma yake ilijengewa fremu ya chuma cha pembe, paa, na mabenchi mawili ya kukalia. Gari hilo ndilo lililowapeleka wanachuo kwenye shule za mazoezi ya kufundisha, baadhi yake zikiwa juu katika milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, ambako barabara hupanda kwa kona nyingi na mawe mengi.

Hewa ya chumvi ya pwani ilikuwa imekwisha kuyala mabati ya ubavuni. Mkuu wa chuo akaamua kwamba yaondolewe, na mahali pake zifungwe paneli mbili za faibaglasi, ambazo fundi mmoja wa boti alikubali kuzitengeneza kwa bei nafuu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Faibaglasi, au faiba kama mafundi wanavyoiita, ni nyuzi nyembamba za kioo zilizolowekwa katika rezini inayokauka na kuwa ngumu. Haishiki kutu, ni nyepesi kuliko bati nene, na ikipasuka huweza kuzibwa bila kuchomelewa. Wala si kitu kipya katika magari: mwaka 1953, mjini Flint huko Marekani, yalitengenezwa magari 300 ya Chevrolet Corvette ambayo bodi zake zilikuwa za faiba.

Paneli zetu zilikuwa na urefu wa meta 2, kimo cha sentimita 60 na unene wa milimita 4. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo saba hivi. Kazi ya kuzifunga kwenye fremu tulikabidhiwa sisi, pamoja na wanachuo kumi wa mwaka wa pili.

Onyo tusilolisikia

Tulikwenda dukani tukiwa na fedha kidogo, tukachagua skrubu za kujitobolea zenye kichwa cha kuzama, zile ambazo kichwa chake kimechongwa kama pia ili kilingane na uso wa kitu kilichofungwa. Zilikuwa rahisi kuliko vifungio vyote vilivyokuwapo. Tena zilipendeza, kwa kuwa hazingetokeza nje ya bodi. Tukarudi chuoni tukiwa tumebakiza chenji, na chenji hiyo ilitupa fahari.

Tulipoanza kazi, mwanachuo mmoja ambaye kabla ya kuja chuoni aliwahi kumsaidia mjomba wake katika kazi ya boti, alinyoosha mkono.

"Mkufunzi, samahani. Faiba haitaki kichwa cha namna hii. Kule kwa mjomba tulikuwa tukiweka bolti na washa pana."

Tulimwuliza, mbele ya wenzake, kama mjomba wake angetulipia hizo bolti. Wanachuo wakacheka. Yeye naye akatabasamu kwa adabu, akainama na kuendelea kushikilia paneli. Hakusema tena neno lolote siku ile.

Ilipita miezi miwili, na kuzunguka baadhi ya skrubu kukaonekana nyufa ndogo zilizotawanyika kama miguu ya buibui. Kichwa kilichochongwa kama pia ni kabari: kadiri kinavyokazwa ndivyo kinavyopanua tundu na kuipasua faiba. Skrubu nyingine zililegea kwa mtikisiko, maana nyuzi zake zilikuwa zimeng'ata ukuta mwembamba wa chuma tu. Hapo tungaliweza kusimama na kutafakari. Badala yake tulikwenda tena dukani, tukanunua ribiti ndogo za alumini, nazo pia kwa sababu ya bei, tukatoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani.

Ribiti nayo ina tabia yake. Inapovutwa kwa koleo lake, shina huvimba ndani ya tundu. Katika bati uvimbe huo hauna madhara, kwa maana bati hunyumbuka kidogo. Faiba hainyumbuki hivyo. Husukumwa kutoka ndani, na ufa huanza mahali pasipoonekana. Tena kichwa cha ribiti ndogo hushika eneo dogo tu, hata paneli inapovutwa kwa nguvu, kichwa hupenya na kutokea upande wa pili. Ribiti zenye kichwa kipana zipo, na zikitumiwa kwa uangalifu hufaa kwa kazi nyepesi, lakini hizo hatukuzinunua.

Paneli ya kushoto ikaanza kugonga. Dereva alitueleza. Tulimjibu kwamba tutaitazama likizo ikifika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo tulikuwa tumeifundisha mara nyingi.

Siku ile kwenye kona

Mwezi Machi mwaka 2018 tulikuwa tukirudi kutoka kukagua mazoezi ya kufundisha. Nyuma walikaa wanachuo saba. Katika kona moja ya kuteremka, gurudumu liliingia shimoni, na paneli ya kushoto ikang'oka upande wa mbele. Upepo ukaingia nyuma yake, ukaikunjua kama ukurasa wa kitabu, na ribiti zilizobaki zikatoka moja baada ya nyingine. Mwanachuo aliyekuwa ameiegemea aliwahi kushika fremu. Paneli ikaanguka barabarani, ambako watoto wa shule walikuwa wakirudi nyumbani.

Ukingo wake ulimkata mkononi msichana wa darasa la nne. Tulimfunga jeraha kwa kitambaa, tukampeleka zahanati, akashonwa. Tunamshukuru Mungu kwamba jeraha lilipona na mtoto akarudi shuleni, ingawa kovu analo hadi leo. Chuo kililipa gharama za matibabu.

Jioni ile tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Bibi yake alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akauliza: "Mwanangu, mlijua kwamba kitu kile kimelegea?"

"Tulijua, bibi."

"Basi mngekifunga."

Hakuongeza kitu. Nasi hatukuwa na la kuongeza.

Usiku huo tuliandika taarifa kwa mkuu wa chuo. Katika rasimu ya kwanza tulieleza ubovu wa barabara, kina cha shimo na uchakavu wa gari. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Barabara ya mawe ndiyo kazi ambayo gari lile lilinunuliwa kuifanya. Kifungio kisichoweza kuvumilia mawe hakikufaa tangu dukani. Tuliichana rasimu hiyo, tukaandika nyingine, na humo tukaeleza kwamba mwanachuo alituonya na sisi tukamnyamazisha. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye aliyekataa kusikia la mdogo, na aliyeumia alikuwa mtoto wa watu.

Tuliyojifunza karakanani

Wiki iliyofuata tulimwomba yule mwanachuo atupeleke kwa mjomba wake. Tulikaa siku mbili katika karakana ya boti, tukiwa wanafunzi. Haya ndiyo tuliyojifunza, nayo yatamfaa yeyote atakayefunga faiba kwenye gari, kwenye boti, au hata kwenye paa la kibanda.

La kwanza ni kutawanya nguvu. Faiba ina nguvu nyingi inapovutwa katika eneo pana, lakini hushindwa nguvu zote zinapokusanyika katika nukta moja. Kwa hiyo kifungio bora ni bolti yenye kichwa bapa kwa chini, ikiwekewa washa pana upande wa faiba. Washa ya kawaida ya bolti ya milimita 6 ina kipenyo cha milimita 12. Ile pana, ambayo mafundi huitumia kufungia madigadi, huweza kuwa na kipenyo cha milimita 25 au zaidi. Ambapo washa hazitoshi, ubapa wa chuma chakavu uliopakwa rangi, uliotobolewa na kulazwa katika ukingo mzima wa juu, hufanya kazi ya washa nyingi kwa bei ya moja.

La pili ni mahali pa tundu. Tundu likikaribia mno ukingo, kipande kilichobaki humeguka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pasipungue mara tatu ya kipenyo cha bolti. Yaani kwa bolti ya milimita 6, milimita 18. Ncha ya kutobolea iwe kali, isukumwe polepole, na nyuma pawekwe kipande cha mbao ili faiba isichanike inapotobolewa upande wa pili. Kisha kingo za tundu zipakwe rezini kidogo, maji yasije yakanyonywa na nyuzi. Anayetoboa afunike pua na mdomo kwa barakoa, kwa maana vumbi la faiba hudhuru pumzi na kuwasha ngozi. Kazi hiyo si ya watoto wa shule ya msingi kabisa.

La tatu ni joto. Tulijua, na tulikuwa tukifundisha, kwamba vitu hupanuka vinapopata joto. Lakini hatukuwahi kukumbuka elimu hiyo mbele ya gari. Fremu ya chuma yenye urefu wa meta 2, joto lake likiongezeka kwa nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 1. Faiba ya mikeka ya nyuzi fupi, kama ile yetu, aghalabu hurefuka zaidi ya hapo. Vitu viwili vilivyofungwa pamoja navyo haviendi mwendo mmoja. Tundu likiwa limeibana bolti kabisa, faiba haina pa kwenda ila kupasuka. Kwa hiyo tundu la paneli kwa bolti ya milimita 6 lifanywe la milimita 7 au 8, na washa pana italifunika.

La nne ni mtikisiko. Nati ya kawaida hulegea barabarani. Mtu akidhani dawa yake ni kukaza zaidi, ataiponda faiba. Dawa ni nati yenye pete ya nailoni ndani yake, ambayo hukaa mahali pake hata isipokazwa sana. Ikikosekana, nati mbili hukazwa moja juu ya nyingine. Kati ya paneli na fremu huwekwa ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu ya gurudumu, ambao hupatikana kwa fundi baiskeli kwa bei ndogo sana au bure. Bolti hukazwa mpaka mpira uanze kubinuka ukingoni, kisha mkono husimama.

La tano ni kutu. Hapa ndipo wengi hudhani kwamba hakuna njia ila kununua bolti za chuma kisichoshika kutu, ambazo ni ghali. Fundi alitusahihisha. Bolti za chuma cha kawaida zilizotumbukizwa katika zinki iliyoyeyuka hudumu vizuri mahali pakavu, na zikipakwa rangi baada ya kufungwa hudumu zaidi. Zile za ghali ziwekwe mahali panapopigwa na matope na maji ya chumvi, yaani safu ya chini. Tena zisigusane na alumini bila mpira au rangi katikati, kwa kuwa penye unyevu wa chumvi alumini ndiyo itakayoliwa.

Hesabu ya ubaoni

Tuliporudi chuoni tuliwapa wanachuo hesabu ifuatayo. Bei tulizotumia ni za mfano tu, wala si za duka fulani. Tuseme kila paneli ina vifungio 12, na kwa hiyo paneli mbili zina 24. Tuseme skrubu moja ni shilingi 100. Bolti ya zinki pamoja na nati na washa pana ni shilingi 700. Na bolti isiyoshika kutu pamoja na vifaa vyake ni shilingi 2,000.

Skrubu zote zitagharimu shilingi 2,400. Bolti za zinki zote zitagharimu shilingi 16,800. Bolti zisizoshika kutu zote zitagharimu shilingi 48,000. Ukitazama hapo tu, skrubu zimeshinda. Lakini tuseme baada ya miezi michache matundu yanapaswa kuzibwa kwa rezini ya shilingi 15,000, na skrubu zinunuliwe upya kwa shilingi 2,400. Matengenezo ya mara moja tu yamefanya jumla kuwa shilingi 19,800, na skrubu zimekwisha kuzipita bolti za zinki. Matengenezo ya pili yataifikisha jumla shilingi 37,200.

Njia ya fundi ilikuwa hii: bolti 16 za zinki mahali pakavu, shilingi 11,200; bolti 8 zisizoshika kutu katika safu ya chini, shilingi 16,000; jumla shilingi 27,200. Hiyo haikuwa bei ya chini kuliko zote, wala ya juu kuliko zote. Ndiyo bei iliyolingana na kazi.

Mwanachuo mmoja aliuliza ni safu ipi ya jedwali letu iliyoonyesha mkono wa yule mtoto. Tulikiri kwamba haikuwapo, na kwamba hatukujua bei gani ya kuandika. Ndipo darasa likakubaliana kwamba kabla ya kulinganisha bei, liulizwe kwanza swali moja: kifungio hiki kikiachia, kitamwangukia nani? Kifungio cha picha ya ukutani na kifungio cha paneli ya gari havipimwi kwa mizani moja.

Namna ya kulifundisha jambo hili

Shule zenu hazitakuwa na faiba, na haidhuru. Kanuni ya kutawanya nguvu huweza kufundishwa kwa karatasi ngumu ya boksi, uzi, kizibo cha soda, mfuko wa plastiki na mchanga. Tulilijaribu somo hili katika darasa la sita la shule ya mazoezi.

Kata vipande viwili vya boksi vilivyo sawa. Katika kipande cha kwanza toboa tundu dogo, pitisha uzi wenye fundo, na mwisho wa uzi ning'iniza mfuko. Katika kipande cha pili fanya vivyo hivyo, lakini kabla ya kupitisha uzi kwenye boksi uupitishe kwanza katika tundu la kizibo kilichobondwa bapa, ili fundo likae juu ya kizibo. Mwalimu atoboe na kubonda vizibo mwenyewe kabla ya kipindi, maana kingo zake hukata. Laza kila kipande juu ya matofali mawili yaliyoachana, mfuko ukining'inia katikati. Wanafunzi watie mchanga kwa kikombe, wahesabu vikombe na kuandika.

Kabla ya kuanza, waulize watoto wanatazamia nini, nawe uyaandike majibu yao yote ubaoni bila kusema lipi ni sahihi. Katika darasa letu, wengi walisema kwamba uzi mnene ungesaidia zaidi kuliko kizibo. Zamani tungewaambia mara moja kwamba wamekosea. Safari hii tuliwapa uzi mnene. Fundo lake lilipasua boksi vilevile, likichelewa kidogo tu, na kipande chenye kizibo kikaendelea kubeba. Mtoto mmoja akaeleza kwamba kizibo kimeugawa mzigo, kila mahali pakapata kidogo. Hatukuwa na maelezo bora kuliko hayo, tukayaandika ubaoni kama alivyoyasema.

Baada ya jaribio hesabu hufuata zenyewe. Mpe mwanafunzi wa darasa la juu washa mbili, moja ya kipenyo cha milimita 12 na nyingine ya milimita 25, zote zikiwa na tundu la milimita 6.4. Kwa kutumia 22/7, atapata kwamba duara la kwanza lina eneo la milimita za mraba 113 hivi, na la pili 491. Akitoa tundu, ambalo ni 32 hivi, atabakiwa na 81 na 459. Basi washa pana imegusa eneo kubwa zaidi ya mara tano. Mwanafunzi aliyeona boksi likichanika hatauliza tena eneo la duara ni la kazi gani.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Wanachuo waliandika maswali matano, wakayabandika kwenye mlango wa karakana. Tunayatoa hapa kwa faida ya wasomaji.

1. Kifungio hiki kikiachia, kitamwangukia nani?
2. Kitu kinachofungwa ni cha namna gani: hunyumbuka, hupasuka au hupondeka?
3. Kitatikiswa, kitapata jua, kitalowa maji ya chumvi?
4. Kwa mwaka mzima, pamoja na matengenezo, kitagharimu kiasi gani?
5. Katika sisi tuliopo hapa, nani amewahi kuifanya kazi hii?

Swali la tano ndilo tulilolikosa, nalo halikuhitaji hata senti moja. Katika kila darasa mtakaloingia atakuwamo mtoto wa mvuvi, wa fundi seremala, wa mama muuza vitumbua, naye atakuwa anajua jambo ambalo mwalimu halijui. Atanyoosha mkono mara moja. Akichekwa, huenda asiunyooshe tena, na mwalimu hatajua kamwe ni onyo gani lililobaki mdomoni mwake.

Paneli zilifungwa upya mwezi Aprili mwaka 2018. Yule mwanachuo ndiye aliyesimama mbele ya darasa na kuongoza kazi, nasi tukashika tyubu na mkasi tukikata mpira kama alivyotuelekeza. Kabla hajaanza tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomvunjia heshima. Siku ya kwanza gari lilipopanda tena milimani, tulilisimamisha pale pale kwenye kona, tukashuka, tukazipapasa bolti zote 24, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokuwa imelegea.